Tabo ya Gari na Hewa ya Uwanda wa Juu

Lori litokalo bandari ya Dar es Salaam kwenda Dodoma huanza safari usawa wa bahari na kuimaliza kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,100. Huko juu hewa ni nyepesi: kila lita moja ina uzito pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko lita ya pwani. Nayo kilo moja ya dizeli huhitaji zaidi ya kilo 14 za hewa ili iungue yote. Injini ikikosa hewa, hulegea.

Upungufu huo hufidiwa na tabo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya kulinda ubunifu wa namna hii mwaka 1905. Tabo ina magurudumu mawili ya mapanga yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moto utokao katika silinda husukuma gurudumu la kwanza. La pili, likizunguka pamoja nalo, huvuta hewa ya nje, huishindilia na kuipeleka ndani ya injini. Hivyo nishati ambayo ingepotelea katika ekzosi hurudishwa kazini. Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Katika uwanda wa juu tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikie kanieneo ileile ya pwani. Kwa hiyo kasoro ndogo huonekana upesi.

Aghalabu kasoro hiyo haimo ndani ya tabo yenyewe. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za udongo huziba chujio la hewa. Mpira upelekao hewa kwenye injini ukipasuka, hewa iliyokwisha kushindiliwa huvuja. Ekzosi ikivuja kabla ya kufika kwenye tabo, gurudumu hukosa msukumo. Moshi mweusi ni dalili kwamba dizeli haikupata hewa ya kutosha.

Tabo yenyewe huuawa na oili chafu au haba, na vumbi lipenyalo chujio lililotoboka. Tena, injini ikizimwa ghafla baada ya kupanda mlima, oili iliyosimama penye joto kali huungua na kuwa masizi magumu, na beringi hulika.

Kwa hiyo fundi mwangalifu hukagua kwanza chujio, mipira na vibano vyake, ndipo afungue tabo. Dereva naye huiacha injini ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Anayebadilisha tabo bila kuondoa chanzo cha maradhi atainunua mara ya pili.