KAMERA MPYA AU TAA? Soma kabla hujatoa hela

Leo naongea na wenzangu wa studio za picha, hasa sisi wa chumba kimoja na mtaji wa kuungaunga.

Mimi niko Tabora mjini. Nimeishia form four, kazi hii nimejifundisha mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa nimeweka laki tisa. Kamera yangu ni Canon 600D ya mtumba, toleo la 2011, na nilishaamua kununua kubwa zaidi kwa sababu kazi zilikuwa zinarudi. Mama mmoja alirudisha picha za pasipoti za wanae watatu, zimekataliwa alikopeleka, kuna kivuli cheusi nyuma ya kichwa. Nikamrudishia hela na nauli juu. Wiki hiyohiyo bibi harusi akaniambia, "Kaka, shela linaonekana vizuri, mimi mwenyewe sionekani." Iliniuma sana.

Kilichoniokoa ni safari ya Kwihara. Nilipata wageni wa kuwapiga kwenye tembe alipokaa Livingstone mwaka 1872. Wanaopajua wanaelewa: vyumbani giza, nje jua kali. Jamaa tuliyekuwa naye alikuwa na kamera ya zaidi ya milioni mbili, lakini nyuso kwenye picha zake zilikuwa giza kama zangu tu. Nikawaomba wageni wasimame hatua mbili ndani ya mlango, wageukie nje. Mimi nikakaa pembeni mwa mlango nisizibe mwanga. Picha zikatoka safi, kwa mtumba wangu uleule.

Iko hivi. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe haijui bibi harusi ni nani, inapima mwanga tu. Shela jeupe likijaa kwenye picha inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na ngozi zetu nyeusi zinazama. Gizani inapandisha ISO, ndipo chengachenga zinaanza. Kamera ya gharama itapunguza chenga, sawa. Lakini kile kivuli ukutani haikiondoi, maana kinatokana na taa na mahali mteja aliposimama.

Kwa hiyo jipime kwanza, bure. Saa nne asubuhi toka na kamera yako, mweke mtu kwenye kivuli cha mwembe (Tabora miembe haikosekani), ageukie upande wenye mwanga. Awe ukingoni mwa kivuli, asiingie katikati, majani yanatia ukijani usoni. Picha ikitoka nzuri, ujue kamera yako haina kosa.

Yangu ilitoka nzuri. Nikaagiza Dar taa mbili za LED zenye masanduku ya kitambaa cheupe na stendi zake, 310,000 pamoja na usafiri wa basi. Nikaongeza lenzi ya mtumba ya 50mm f/1.8 kwa 180,000. Lenzi hii usiidharau: ukilinganisha na ile inayokuja na kamera ikiwa kwenye f/5.6, inaingiza mwanga karibu mara kumi.

Kwenye pasipoti sasa mteja namtoa ukutani mita moja na nusu, taa moja kila upande, juu kidogo ya macho yake. Taa naziweka karibu. Ukiipeleka taa mara mbili ya umbali, mwanga unaomfikia mteja unabaki robo, na vivuli vinakuwa vikali. Halafu zima ile balbu ya njano ya dukani, la sivyo shavu moja litakuwa njano na jingine jeupe. Mimi hilo lilinisumbua mwezi mzima, nikidhani taa ni feki.

Kamera mpya ina wakati wake. Kama kazi yako kubwa ni harusi za usiku, unakimbizana na watu ukumbini na huwezi kubeba stendi, au wateja wanataka video kali, au kamera yako inashindwa kushika fokasi hata kwenye mwanga wa kutosha, hapo nunua.

Mama wa wale watoto watatu alirudi mwezi wa pili baada ya taa kufika. Nikawapiga tena bila malipo, na safari hii zikapokelewa. Ile 410,000 iliyobaki natafutia betri na inveta, maana umeme ukikatika, taa zangu nazo zinalala.