Le Mans: Mashindano ya Subira

Kila mwaka, ifikapo katikati ya mwezi wa Juni, barabara zitokazo bandari ya Calais kuelekea kusini hujaa magari yenye namba za Uingereza. Wengi wa wasafiri hao huenda Le Mans, mji ulioko kusini-magharibi ya Paris, kutazama mashindano ya magari ya saa 24. Vijana wetu nao wameingiwa na hamu hiyo, na baadhi ya wazazi wametuuliza kama safari yenyewe inafaa kwa familia. Sisi tulikwenda mwaka 2023, familia tatu kwa magari mawili, mashindano hayo yalipotimiza miaka 100. Jibu letu ni kwamba inafaa, ila kwa masharti; na masharti hayo yanafundishwa na historia ya mashindano yenyewe.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tulizoea mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, ambapo gari hupita mbele yako mara moja katika wingu la vumbi, likatokomea. Le Mans ni kinyume chake. Magari huzunguka njia moja yenye urefu wa kilomita 13 na mita 626, tangu saa kumi jioni ya Jumamosi hadi saa kumi jioni ya Jumapili. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni barabara ya kawaida, ambayo siku nyingine hupitwa na malori na watu waendao kazini. Kipande kirefu kilichonyooka, kiitwacho Hunaudières, kina karibu kilomita sita. Mwaka 1988 gari moja lilifikia hapo mwendo wa kilomita 405 kwa saa, na mwaka 1990 kikakatwa kwa kona mbili ili kupunguza kasi. Mshindi ni lile gari litakalokuwa limekwenda masafa marefu kuliko yote saa 24 zitimiapo. Mwaka 2010 washindi walizunguka mara 397, yaani zaidi ya kilomita 5,400.

Kwa hiyo kasi peke yake haitoshi. Mwaka 1952 dereva wa Kifaransa, Pierre Levegh, alikataa kumpa mwenzake usukani. Aliendesha peke yake usiku kucha na mchana wake, akiwa amewaacha wenzake mbali. Ilipokaribia saa ya mwisho, injini yake ikavunjika, na ushindi ukaenda kwa wengine. Yeye alisema mtambo ulikuwa na kasoro tangu mapema. Wengi waliamini kwamba uchovu ulimfanya akosee gia. Leo kanuni haziruhusu jambo kama hilo. Kwa kawaida gari huwa na madereva watatu, na hakuna anayeruhusiwa kuendesha zaidi ya saa nne ndani ya muda wa saa sita, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla.

Levegh alifia hapo hapo Le Mans tarehe 11 Juni 1955, gari lake liliporuka na vipande vyake kuwaangukia watazamaji. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Ndiyo maana hatupendi kusikia mchezo huu ukisifiwa kwa kasi tu.

Kisa cha pili ni cha mwaka 1969. Zamani madereva walisimama upande mmoja wa barabara, na bendera iliposhuka walikimbia kuvuka, wakarukia magarini na kuondoka. Wengi hawakungoja kufunga mikanda. Jacky Ickx, Mbelgiji wa miaka 24, aliona huo ni upuuzi. Wenzake walipokimbia, yeye alitembea polepole, akaingia garini, akafunga mkanda wake sawasawa, akaondoka wa mwisho. Katika mzunguko wa kwanza tu, Mwingereza John Woolfe, ambaye hakuwa amefunga mkanda, alipata ajali na kufa. Baada ya saa 24 aliyeshinda ni Ickx, pamoja na mwenzake Jackie Oliver, kwa tofauti ya mita 120 hivi. Mwaka uliofuata madereva walianza wakiwa wameketi na kufungwa mikanda. Siku ya pili ya ushindi wake, Ickx alikuwa njiani kwenda Paris alipokatiziwa na gari jingine karibu na Chartres, na gari lake likagonga mlingoti. Alifungua mkanda, akashuka mzima. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Sasa tujitazame wenyewe. Ni akina baba wangapi wa kwetu huendesha peke yao kutoka Leicester au London hadi Dover, wakavuka bahari, wakaendelea kilomita 400 na zaidi hadi Le Mans bila kupokewa? Kisha Jumapili jioni, baada ya usiku usio na usingizi, huondoka papo hapo ili wawahi kazini Jumatatu. Madereva mabingwa wamekatazwa hayo kwa kanuni. Sisi, tuliopakia watoto, twajiruhusu wenyewe. Kina mama wenye leseni na waandikishwe kwenye bima, wagawane usukani. Kila saa mbili pumzikeni katika vituo vya barabarani, na Jumapili mlale usiku mwingine huko huko.

Yako na mengine ya kuzingatia. Ufaransa huendesha kulia, na kipilefti chetu huko huzungukwa kwa upande wa pili. Mwendo katika barabara kuu za kulipia ni kilomita 130 kwa saa, na 110 mvua inyeshapo. Watoto chini ya miaka 10 hukaa nyuma. Chukueni fulana ya kung'aa na pembetatu ya tahadhari. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania ahitaji viza ya Schengen. Tangu Januari 2021 abiria watokao Uingereza hawaruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa; basi sambusa za nyama zibaki nyumbani, na kachori na bajia ziende.

Kuhusu ibada, msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, na vituo vya barabarani vina majani na kivuli cha kutosha kutandika msala. Lakini mjue kwamba mwezi wa Juni jua la Le Mans huchwa karibu saa nne usiku, na alfajiri haikawii kuingia. Anayetaka kutazama usiku mzima apange usingizi wake mchana.

Vijana wakiwaomba kwenda, msiwakatalie. Waelezeni habari za Levegh na Ickx kabla ya kuwasha gari, na kila mmoja afunge mkanda wake, hata waketio nyuma. Mwenyezi Mungu awajaalie safari njema na marejeo ya salama. Amin.