Mita 200 Kutoka Kituo cha Kura

Kampeni za uchaguzi mkuu Tanzania Bara hufungwa jioni ya siku inayotangulia kupiga kura. Kesho yake huanza ukimya ambao sheria imeupimia hadi eneo lake. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 1985 kilikataza mikutano siku hiyo, na kikamzuia mtu yeyote kuvaa au kuonyesha picha, kadi au alama ya mgombea ndani ya jengo la kupigia kura na popote ndani ya mita 200 kutoka jengo hilo. Mwaka 2024 ilitungwa Sheria Na. 1, ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, ikachukua nafasi ya ile ya zamani. Vinywani mwa mawakala, polisi na wapiga kura, hata hivyo, kipimo kilichozoeleka ni kilekile: mita 200.

Kwenye karatasi umbali huo unaonekana mfupi. Lakini ukiuzungushia duara, unapata zaidi ya hekta 12. Katika kata ya mjini kama Kambarage, Manispaa ya Shinyanga, hekta 12 zinameza maduka, saluni, mama lishe, vijiwe vya bodaboda na makazi ya watu wasiokuwa na habari kwamba wamo ndani ya mpaka wowote. Vituo navyo ni vingi: katika uchaguzi wa mwaka 2025 nchi nzima ilikuwa na karibu vituo 100,000, sehemu kubwa vikiwa kwenye mali ya umma, yaani madarasa ya shule, ofisi za watendaji na viwanja vya wazi. Vikikaribiana, miduara yake hupandana, na anayetoka katika mmoja hujikuta ameingia katika mwingine.

Mzigo wa kulinda eneo hilo humwangukia msimamizi wa kituo pamoja na askari aliyepangwa naye. Tatizo linalowakabili mara nyingi si mhuni mwenye kipaza sauti, bali ni kanga. Wakati wa kampeni fulana, kofia, skafu na kanga hugawiwa bure, na katika kaya nyingi kanga ile ndiyo mpya iliyopo, basi huvaliwa kisimani, sokoni na msibani. Mama anayefika kwenye foleni saa 1:00 asubuhi, mgongoni ana mtoto aliyefungwa kwa kanga yenye sura ya mgombea, hakuja kumpigia mtu debe. Hata hivyo sheria haiulizi nia yake, inaangalia kinachoonekana. Msimamizi mwenye busara atamwomba aigeuze ndani nje au aivue, ampishe apige kura yake. Mwenye pupa atamrudisha nyumbani, na pengine mama huyo hatarudi. Hapo kanuni iliyowekwa kulinda kura itakuwa imeipoteza.

Shinyanga Mjini inajua vizuri uzito wa kura moja. Mwaka 2010 Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi wa ubunge dhidi ya Philip Shelembi wa CHADEMA kwa tofauti ya kura moja tu.

Kigumu zaidi ni vitu visivyovuliwa. Bendera ya chama kwenye mlingoti wa tawi na rangi za chama kwenye ukuta wa ofisi vilikuwapo kabla ya kituo kuwekwa, na vitabaki baada ya masanduku kuondoka. Kambarage wanao mfano mkubwa kuliko yote: uwanja wa mpira unaoitwa CCM Kambarage, mali ya chama hicho, kama ilivyo Kirumba mjini Mwanza. Vyama vya upinzani vimedai kwa miaka mingi kwamba viwanja vya namna hiyo vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi wote enzi za chama kimoja, hivyo baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 vilistahili kurudi kwa umma. Hoja hiyo ina mashiko. Kumtaka mpiga kura avue kofia kando ya jengo lenye jina la chama ni kubana kidogo na kuacha kikubwa.

Kabla ya siku yenyewe, matumizi ya viwanja vya wazi hutawaliwa na ratiba. Wagombea huwasilisha mapendekezo kwa msimamizi wa uchaguzi, naye huyapatanisha ili vyama viwili visigongane mahali pamoja, na polisi hupata nakala. Mikutano hufanyika kati ya saa 2:00 asubuhi na saa 12:00 jioni. Mengine yamo katika Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, ambazo vyama husaini: kutochana mabango ya wengine, kutofanya kampeni katika nyumba za ibada, kutotumia magari ya serikali. Saini hiyo si jambo dogo. Aprili 12, 2025, vyama vilipozisaini Dodoma, CHADEMA haikusaini, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki uchaguzi. Oktoba 29 wapiga kura walikwenda vituoni bila chama kikuu cha upinzani kwenye karatasi, na siku hiyo iligubikwa na maandamano, vifo, kuzimwa kwa intaneti na amri ya kutotoka nje Dar es Salaam.

Mjadala mkali kuliko yote kuhusu mita 200 ulizuka mwaka 2015. Viongozi wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, waliwahimiza wafuasi wao wakishapiga kura wasimame nje ya umbali huo, walinde kura. Tume ya Uchaguzi, wakati huo ikiongozwa na Jaji Damian Lubuva, ikasema watu warudi nyumbani. Mgombea ubunge wa viti maalumu wa CHADEMA akaenda Mahakama Kuu kuomba tafsiri: kama sheria inataja mita 200, aliyesimama mita 201 amevunja nini? Oktoba 23, siku mbili kabla ya uchaguzi, jopo la majaji watatu liliamua kwamba mikusanyiko hairuhusiwi, iwe ndani ya umbali huo au nje yake. Kazi ya kulinda kura ikabaki kwa mawakala.

Uamuzi huo ulizuia vurugu zilizohofiwa, lakini ulichukua pia haki ya raia kusimama kimya kwenye barabara ya umma. Kwingine sheria hubana eneo dogo zaidi. Australia, katika uchaguzi wa shirikisho, marufuku ni mita 6 kutoka mlangoni. Marekani, Mahakama ya Juu iliridhia mwaka 1992 futi 100 za jimbo la Tennessee, kama mita 30 hivi. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ikafuta marufuku ya Minnesota juu ya mavazi ya kisiasa kituoni, kwa sababu haikueleza vya kutosha vazi lipi ni la kisiasa.

Hapa Tanzania hata kuupima umbali wenyewe ni kazi: katika machimbo ya Geita, ambako makazi huota na kuhama kufuata dhahabu, kituo kinaweza kuwa turubai, na hakuna ukuta wa kupimia. Kamba iliyofungwa kwenye vigingi, au chokaa iliyomwagwa barabarani alfajiri, ingemaliza ubishi mwingi kwa gharama ndogo, machimboni na Kambarage pia.

Kituo hufungwa saa 10:00 jioni, ila waliokwisha kuwa kwenye foleni hupiga kura zao. Kuhesabu hufanyika palepale mbele ya mawakala, kisha nakala ya matokeo hubandikwa nje ya kituo, na mkazi yeyote wa mtaa ana haki ya kuisoma.