BUSTANI YETU YA VIUNGO

Wengi wenu mmekwisha kunywa chai ya mchaichai hapa shuleni, lakini ni wachache wanaojua kazi ya ile bustani iliyo nyuma ya jiko. Mwaka huu namaliza Kidato cha Nne. Kwa hiyo yanipasa kuwaelezeni kazi hiyo kabla sijaondoka, ili ninyi wa Kidato cha Pili mnaoipokea msirudie kosa langu.

Kosa lenyewe ni hili. Mwaka juzi nilikabidhiwa miche 40 ya rozmari, ambayo wenzangu walikuwa wameimwagilia kwa zamu tangu Januari. Nami, kwa kutaka ikue upesi, nikaijaza samadi mbichi ya kuku. Baada ya siku chache majani yakaanza kukauka nchani, na baada ya majuma mawili ilibaki miche 3 tu. Wenzangu wakaninunia. Nikamwendea mzee mtunza bustani, nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, samadi mbichi ni moto. Hukuilisha miche, umeipika."

Maneno yake ni ya kweli. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na ikiwa mbichi hutoa amonia, nayo huunguza mizizi. Dawa yake ni kuiozesha kwanza iwe mboji.

Mboji haitaki fedha, yataka kazi. Panga nyasi kavu, juu yake majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kiunoni. Nyunyiza maji liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, kisha lifunike. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya siku kadhaa na kukikuta cha moto, ujue lundo lafanya kazi. Likianza kupoa, ligeuze. Kwa kawaida huwa tayari baada ya miezi miwili au mitatu, linaponuka udongo wa mvua wala si samadi.

Rozmari hupandwa kwa vipandikizi vya urefu wa sentimita 10 hadi 15. Pukutisha majani ya chini, kisha chomeka penye mchanga na udongo. Hupenda jua na huvumilia ukame, lakini maji yakituama huoza mizizi. Mchaichai hupasuliwa shina, kila chipukizi na mizizi yake. Acha nafasi ya sentimita 60 hivi, tandaza nyasi kavu kuzuia unyevu usipotee, na ukivuna usikate mpaka chini kabisa.

Huenda mmesikia pia habari za kilimo cha baiodainamiki. Chanzo chake ni mihadhara 8 aliyoitoa Rudolf Steiner mwezi wa Juni, 1924, katika kijiji cha Koberwitz, ambacho siku hizo kilikuwa Ujerumani na leo kimo katika nchi ya Poland. Wafuasi wake hujaza samadi ya ng'ombe katika pembe, wakaifukia majira yote ya baridi. Wakiifukua, hukoroga kiasi kidogo katika maji kwa saa nzima, mara kulia mara kushoto, kisha huyanyunyiza shambani. Huangalia pia mwendo wa mwezi na nyota.

Mwaka jana nasi tulijaribu. Tulifukia pembe kabla ya kipupwe, tukaifukua Septemba. Tulikuwa na matuta mawili ya mchaichai, yote yametiwa mboji ile ile, lakini tukanyunyizia moja tu. Mikono ilituuma kwa kukoroga! Tulipopima majani hatukuona tofauti. Matuta mawili hayatoshi kukata shauri, lakini hata wataalamu hawajathibitisha kwamba pembe yaongeza kitu juu ya mboji njema. Hata hivyo twakubaliana na wafuasi wake katika jambo moja: shamba lijilishe lenyewe, na takataka ya leo iwe chakula cha kesho.

Basi, wadogo zangu, leo kitaluni mna miche 40 ya rozmari, yote hai. Hiyo ndiyo niliyodaiwa. Nawakabidhini pamoja na lundo la mboji lililokwisha iva. Msiwe na pupa, kwani haraka haraka haina baraka. Mimi nimeyaona.