Mlango wa Daftari Letu



Tangu tulipotangaza kwamba daftari la uzito na malipo litaweza kusomwa kwa simu, tumepokea maswali mengi, na takriban yote ni swali moja: nani atamzuia jirani yangu asisome hesabu yangu? Swali hili ni la haki. Mtu ambaye gunia zake za karafuu zajulikana na kila mtu hakosi mgeni wa kuja kukopa. Basi twaeleza hapa jinsi mlango wa daftari hilo utakavyotengenezwa.

Fundi wetu ni kijana wa Kasulu, huko nyanda za juu za Kigoma, naye tulipomtaka atufahamishe hakuanza na mitambo, alianza na kambi. Katika wilaya ya Kasulu ndiko ilikofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996 kwa wakimbizi waliotoka Kongo. Na Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi mwaka 2015, kambi ya Nduta, wilaya ya Kibondo, ikafunguliwa tena mwaka ule ule. Siku ya mgao wa chakula maelfu ya watu walijipanga, kila jamaa na kadi yake. Mgawaji hakuweza kuzijua sura zote zile, alitazama kadi. Hapo yapo maswali mawili: huyu ni nani, na huyu ana haki ya kupewa nini? Kadi hujibu la kwanza na orodha hujibu la pili. Kadi ikipotea au ikiibiwa, mwenye haki hulala na njaa na mwingine hula. Kwa sababu hiyo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitengeneza mtambo wa kumtambua mtu kwa vidole vyake kumi, mboni za macho na sura, likaujaribu katika kambi ya Dzaleka, nchini Malawi, mwaka 2013.

Mlango wetu sisi ni mdogo kuliko huo. Mahali pa kadi pana nambari ya uanachama, na mahali pa kidole pana neno la siri.

Fundi hataufua mlango huo kwa mkono wake tangu mwanzo, nasi tumekubaliana naye. Tovuti yetu imeandikwa kwa lugha ya JavaScript na inaendeshwa na Node.js, na humo zipo sehemu zilizokwisha tengenezwa na wengine na kutolewa bure, kama seremala anavyonunua bawaba na kitasa dukani. Sehemu aliyoichagua yaitwa Passport, yaani pasipoti, kazi aliyoianza Jared Hanson mwaka 2011. Kuiweka ni amri moja tu:

npm install passport passport-local express-session

Dakika moja imekwisha. Yaliyobaki ndiyo kazi, na hapa ndipo wengi hulala.

Passport ni bawabu asiyemjua mtu yeyote. Huipokea nambari na neno la siri, kisha huyapeleka ndani na kuuliza: je, ni huyu? Jibu hutoka katika maagizo aliyoyaandika fundi mwenyewe, na namna ya kuyaweka maneno ya siri ni juu yetu. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, nayo yalikuwa yameandikwa wazi kama yalivyo. Sisi tutatumia bcrypt, iliyotungwa na Niels Provos na David Mazières mwaka 1999. Hii hulisaga neno, na karafuu ikishasagwa hairudi kuwa karafuu. Ukija kuingia, ulichoandika husagwa vile vile na unga hulinganishwa na unga. Kabla ya kusaga hutiwa chembe za bahati nasibu, kila mtu zake, ili wanachama wawili waliochagua neno moja wasiwe na unga mmoja. Tena husaga polepole kwa makusudi. Wewe hutaudhika kwa kungoja kitambo kidogo, lakini mwizi mwenye kubahatisha mara milioni atachoka. (Bcrypt husoma baiti 72 za mwanzo tu, kwa hiyo hapana haja ya kuleta kasida nzima.)

Ukishatambuliwa hupewa tiketi, iitwayo kuki, usije ukaulizwa kila ukurasa. Kishina cha tiketi hubaki kwetu. Express-session isipoagizwa vinginevyo huviweka vishina katika kumbukumbu ya mashine inayopita, na waliotengeneza wenyewe wameonya kwamba hiyo si ya kazi ya kweli. Fundi wetu hakuhitaji kuambiwa mara mbili: Kasulu na Kibondo zilitegemea umeme wa mashine za dizeli miaka mingi, na mashine ikizimika, kilichomo katika kumbukumbu hiyo kimekwenda, na wanachama wote wako nje. Vishina vyetu vitakaa katika hifadhi ya kudumu. Kadhalika tumemtaka asitumie Passport iliyotangulia toleo 0.6 la mwaka 2022, kwani tangu hilo tiketi hubadilishwa mtu anapoingia, na aliyekupachika tiketi ya zamani hawezi kukufuata ndani.

Ukikosea utaona maneno haya: "Nambari au neno la siri si sahihi." Hutaambiwa lipi. Wengine wataona ni ufidhuli, lakini tukisema nambari haijulikani, tumemfahamisha mwizi zipi zinazojulikana. Mwenye kukosea mara tano atangoja robo saa. Hili Passport halifanyi, fundi ataliongeza.

Wazee wasiokuwa na simu wataendelea kusomewa daftari la karatasi. Anayempa mjukuu neno lake la siri ajue kwamba amempa na hesabu. Sisi ofisini hatutalijua neno lako wala hatutakupigia simu kuliuliza. Akipiga mtu akaliuliza, si sisi.

Maneno ya siri ya kuanzia, ambayo kila mmoja atayabadilisha siku ya kwanza, yatatolewa ofisini, mkononi mwa mwanachama mwenyewe, naye aje na kadi yake. Mgonjwa au asiyeweza kutembea alete khabari, nasi tutamfuata kwake.

Katibu