Fahamu: Je, vidonge vya wajawazito huzuia mtoto kuzaliwa njiti?

Mjamzito wa Kabeza, Kigali, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, kazoea kusikia habari za madini ya chuma na asidi ya foliki. Siku hizi kinatajwa kidonge chenye vitamini na madini 15. Je, kinazuia kujifungua kabla ya wiki 37?

Usitarajie miujiza. Dar es Salaam, wajawazito 8,468 wasio na VVU walifuatiliwa. Matokeo yakachapishwa 2007. Wote walipewa chuma na foliki. Kwa walioongezewa vitamini B, C na E (si kidonge hicho chenyewe), watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8, kwa wenzao, 9.4. Njiti hawakupungua kwa kiasi cha kutegemewa.

Faida ya uzito si haba. Wahi kliniki, na kidonge kimeze kwa maji: chai hupunguza ufyonzwaji wa chuma.