Kwa Nini Napoleon Dynamite Hainichekeshi

Juzi tulikuwa watu saba chumbani kwetu hosteli, wengine kitandani, wengine sakafuni, laptopu moja, na mimi peke yangu sicheki. Filamu yenyewe ni Napoleon Dynamite. Mwenzangu wa chumba ameshaiona mara nne, maneno ya wahusika anayatamka kabla yao. Ilipoisha akanigeukia: "Wewe kaka, utani hukupewa kabisa." Usiku ule nilinyamaza. Namjibu hapa.

Kwa ambaye hajaiona: kijana mrefu, nywele timtim, mdomo wazi muda wote, anasoma sekondari katika mji mdogo wa Preston, jimbo la Idaho, Marekani. Anaweka vipande vya viazi vya kukaanga mfukoni mwa suruali ili avile darasani. Rafiki yake Pedro anagombea uongozi wa wanafunzi. Basi, hiyo ndiyo hadithi nzima.

Heshima yake naipa. Jared Hess aliiandika na mkewe Jerusha, na ilitokana na filamu fupi, Peluca, aliyoitengeneza akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Jon Heder, anayemwigiza Napoleon, alisoma hapo hapo. Iligharimu kama dola 400,000, ambazo kwa Hollywood ni hela ya chai. Ikaonyeshwa tamasha la Sundance Januari 2004, ikanunuliwa, ikaingiza zaidi ya dola milioni 40.

Sasa tatizo liko wapi? Vichekesho tulivyokulia navyo hukupa ishara. Mzee Majuto akitaka ucheke, uso wake unakuambia kabla ya mdomo. Hess anafanya kinyume: kamera imetulia tuli, mwigizaji uso mkavu, anasema neno la ajabu, halafu kimya. Kimya kile unakijaza mwenyewe. Ukikijaza kwa kicheko, umenaswa. Ukikijaza kwa huruma, au kwa kuangalia saa, ndiyo basi tena.

Na wala siko peke yangu. Mwaka 2006 Netflix walitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 programu yao ya kukisia mtu ataipa filamu alama ngapi. Washindani walipewa alama zaidi ya milioni 100 za watazamaji, na mshindi alipatikana 2009. Filamu iliyowasumbua mno ni hii hii. Watu wenye ladha zinazofanana karibu katika kila kitu walikuwa wanagawanyika hapa: huyu anaipa nyota tano, yule moja. Kwa hiyo mwenzangu, kama mahesabu yale yote yalishindwa kunikisia, wewe umejuaje kwamba sina utani?

Lakini niseme na lile ambalo kompyuta haikuulizwa. Kidato cha pili, bweni, mimi ndiye niliyekuwa Napoleon. Miwani mizito, naongea peke yangu, jina la utani ambalo silitaji. Napoleon alipokuwa anabamizwa kwenye makabati ya shule, chumba kikaangua kicheko, na kicheko kile nakijua sauti yake. Hess hakumchukia mhusika wake, nakubali. Anamwacha apande jukwaani mwishoni acheze muziki kuokoa kampeni ya Pedro, na ukumbi mzima unasimama kumshangilia. Ila mimi kufika hapo nilikuwa nimeshachoka kuchekwa kwa dakika themanini.

Rasimu hii nilimsomea mwenzangu jana. Hakucheka. Akasema na yeye shuleni walikuwa wanamficha viatu, na kwamba hiyo sehemu ya kucheza ndiyo aliyoirudia mara nne. Kwingine kote huwa anasubiri tu ifike.

Sikujua. Tumekaa chumba kimoja mihula mitatu.

Ameniachia flashi mezani, anasema niangalie tena kuanzia pale Pedro anapomaliza hotuba. Bado sijaichomeka.